Jinsi ya Kujenga Imani ya Wazazi juu ya Chanjo katika Vijiji vya Kigoma

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa vitongoji, watendaji wa vijiji, walimu, viongozi wa dini na yeyote mwingine mkoani Kigoma anayetaka kila mtoto wa kijijini kwake akamilishe chanjo zake. Jambo la kwanza la kulielewa, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba mtoto aliyekosa chanjo si lazima awe mtoto wa mzazi aliyekataa chanjo. Wapo wanaokataa, nao tutawafikia huko mbele. Lakini yupo pia mama aliyefika zahanati akaambiwa arudi wiki ijayo, yupo aliyepoteza kadi akaogopa kugombezwa mbele za watu, yupo aliyejifungulia nyumbani wakati mto umejaa, na yupo ambaye mume wake alihamia mwalo mwingine, yaani kituo kingine cha wavuvi ufukweni, kufuata dagaa, naye akafuata na watoto. Ukimkabili mama wa namna hii kwa hotuba ya kumshawishi, unamjibu swali ambalo hakuliuliza, na kikwazo chake kinabaki palepale.

Kwa hiyo kazi ya kujenga imani huanza kwa kujua ni nani amekosa nini, na kwa sababu gani.

Anza na orodha ya watoto

Kaa na mwenyekiti wa kitongoji na, ikiwezekana, mkunga wa jadi anayeaminika, kwa kuwa hakuna anayejua uzazi wa nyumbani kuliko yeye. Andikeni kila mtoto aliye chini ya miaka miwili, jina la mama, na tarehe ya kuzaliwa hata kama ni ya kukadiria kwa msimu au sikukuu. Kisha peleka orodha hiyo zahanati na uilinganishe na rejista ya watoto. Majina yaliyo kwenye orodha yako lakini hayamo katika rejista ndiyo ya kuanza nayo, maana hao ni watoto ambao huenda hawajapata dozi hata moja, na ambao takwimu za zahanati haziwezi kuwaonyesha kwa sababu hazijui kama wapo.

Ili uisome kadi ya kliniki bila kubabaika, ishike ratiba kichwani. Mtoto anapozaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu begani na matone ya polio. Akifikisha wiki 6, 10 na 14 hupata sindano moja inayokinga magonjwa matano, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na maambukizi ya bakteria aitwaye Hib yanayosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Pamoja nayo hupewa chanjo ya nimokoko, bakteria wengine wanaosababisha nimonia, na matone ya polio, huku ya kuzuia kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota ikitolewa katika hudhurio la wiki ya 6 na la 10, na sindano ya polio ikiongezwa wiki ya 14. Chanjo za surua na rubela hutolewa kwa pamoja katika mwezi wa 9, na tena mwezi wa 18.

Hudhurio la mwezi wa 18 ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mtoto anatembea, ananawiri, pengine mama ana mimba nyingine, na kwake kliniki ilikwishamalizika. Mweleze sababu yake waziwazi. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, takribani 15 miili yao haitengenezi kinga ya kutosha mara ya kwanza, na hakuna awezaye kumtambua mtoto huyo kwa kumtazama. Dozi ya pili ndiyo inayomfikia. Surua huenea kwa hewa kwa kasi kuliko karibu kila ugonjwa mwingine wa watoto, kiasi kwamba ili isipate njia ndani ya jamii inatakiwa watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Mzazi anayesikia hesabu hii huelewa kwamba kuitwa kwake tena hakukutokana na uzembe wa mtu fulani.

Mwambie pia aliyechelewa kwamba mtoto haanzi upya. Anaendelea alipoishia, na zile dozi za wiki 6, 10 na 14 zikiachana kwa muda usiopungua wiki nne. Wapo akina mama waliokaa nyumbani kwa miezi kwa kudhani kwamba wakishakosa siku moja, yote yaliyotangulia yamepotea.

Mazungumzo ya mlangoni

Usiende nyumbani kwa mtu ukiwa na karatasi mkononi na swali la "kwa nini hamjachanja?" mdomoni. Swali hilo lina hukumu ndani yake. Piga hodi, salimia, kaa ukikaribishwa, uliza hali za watoto wote, kisha omba kuiona kadi. Kama ipo, sifu kwanza kilichofanyika. Kama haipo, sema kwamba rejista ya zahanati inaweza kusaidia kuandika nyingine, na usilirudie jambo hilo.

Hapa kuna mfano wa mazungumzo yanavyoweza kwenda, katika nyumba ambayo mtoto alipata dozi ya wiki ya 6 na hakurudi tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Ahsante. Nimemwona mjukuu, amekua. Mama Zawadi, naona mlikwenda kliniki akiwa na wiki sita. Ilikuwaje baada ya pale?"

"Alichemka usiku kucha, dada. Paja likavimba. Bibi akasema basi, imetosha."

"Mtoto akichemka usiku, hakuna anayelala. Pole sana. Homa ilikaa siku ngapi?"

"Kesho yake jioni ikaisha."

"Na pale zahanati, kuna aliyekuambia mapema kwamba inaweza kutokea?"

"Hakuna."

Mhudumu mwenye haraka angekuwa amekwishaanza kueleza faida za chanjo. Huyu ameuliza maswali matatu tu, na sasa anajua kwamba tatizo halikuwa imani ya bibi bali ukimya wa siku ile. Ndipo anapomgeukia bibi, kwa sababu uamuzi ulikuwa wake, na kusema: "Bibi, ulikuwa na haki ya kuogopa. Homa ile hutokea kwa watoto wengi, huanza siku hiyohiyo au kesho yake, na huisha ndani ya siku moja au mbili. Ni mwili unajifunza kupambana. Safari hii tutamuuliza nesi kipimo cha dawa ya homa kulingana na uzito wake, mtoto anyonyeshwe mara kwa mara, na mimi nitapita kesho yake kumwangalia. Kliniki ni Jumanne. Mnaonaje?"

Angalia kwamba ameomba ruhusa, ametaja siku, na ameahidi jambo ambalo anaweza kulitimiza. Kama huna uhakika wa kupita kesho yake, usiahidi. Ahadi moja iliyovunjwa kuhusu mtoto mgonjwa husimuliwa kisimani kwa mwaka mzima.

Mfuate mtu pale alipo, wakati anapopatikana

Katika mialo ya ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga upande wa kaskazini hadi Kalya kusini, ratiba ya watu haifuati juma la kazi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku na taa. Asubuhi mitumbwi inaporudi, wanawake wako mchangani wakipokea, wakianika na kugeuza dagaa kabla jua halijawa kali, na mvua ikitishia kila mtu hukimbilia kukusanya. Ukimwita mama kliniki saa mbili asubuhi unamtaka achague kati ya sindano ya mtoto na mtaji wa nyumba. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake huharibu uvuvi wa taa, nao wavuvi hupumzika. Siku hizo za mbalamwezi, hasa saa za mchana baada ya kazi za mchangani, ndizo nzuri kwa huduma ya mkoba, yaani wahudumu kupeleka chanjo hadi waliko watu, katika mialo, na akina baba pia huwa wapo. Kaa na mganga mfawidhi wa zahanati mwanzoni mwa robo ya mwaka mpange tarehe za mkoba kwa kuangalia mwezi pamoja na kalenda.

Vijiji vya bara, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, vina saa zake: siku za gulio watu hukusanyika, na msimu wa kulima familia nyingine huhamia mashambani kwa majuma. Wafugaji wa bonde la Malagarasi huhama na mifugo. Kwa hao, njia bora ni kumpata mtu mmoja wa kambi mwenye simu, anayeheshimiwa, atakayekuambia kabla hawajahama.

Mpaka nao unahitaji kufikiriwa. Ndugu huvuka kati ya Kigoma, Burundi na Kongo kwa harusi, misiba na biashara, na magonjwa huvuka pamoja nao. Mwaka 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio ya aina ya pili, mkoani Rukwa kukapatikana mgonjwa wa polio ya aina hiyo, na mwezi Septemba kampeni ya matone ikapita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita ukiwemo Kigoma, ikiwalenga watoto walio chini ya miaka minane. Wazazi wengi huuliza katika kampeni kama ile: mtoto wangu amekamilisha, mbona tena? Ni swali zuri, na jibu lake lipo. Tangu mwaka 2016 matone ya kawaida hayana aina ya pili ya polio, kwa hiyo watoto waliozaliwa baada ya hapo walihitaji kinga ya ziada kwa mlipuko huo. Mzazi aliyepewa jibu hili hafungi mlango kampeni ijayo. Aliyeambiwa "ni agizo la serikali" anaweza kuufunga.

Rekebisha yanayotokea zahanati

Sehemu hii huachwa na miongozo mingi, kana kwamba imani inaharibiwa na wanakijiji peke yao. Mama aliyetembea saa mbili akiwa na mtoto mgongoni, akafika na kuambiwa arudi siku watakapopatikana watoto wa kutosha, hatahitaji uvumi wa mtandaoni ili aache kurudi.

Sababu ya kumrudisha ni vichupa. Chanjo ya kifua kikuu na ya surua-rubela huja ikiwa unga, katika kichupa chenye dozi nyingi, na ikishachanganywa na kimiminika chake lazima itumike ndani ya saa sita au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, chochote kinachotangulia, kinachobaki hutupwa. Nesi anayekumbuka kwamba atatakiwa kueleza dozi zilizopotea huona heri asubiri watoto wengine. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa dozi zinazotupwa zina gharama ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Na mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Kamati ya zahanati ilizungumze jambo hili na mganga mfawidhi na mratibu wa chanjo wa wilaya, ili nesi afungue kichupa bila hofu. Wakati huohuo wewe mhamasishaji punguza hasara kwa kuwaleta watoto wanaosubiri chanjo ya surua siku moja, kwa kutumia ile orodha yako.

Jambo la pili ni baridi. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na wanakijiji wanajua umeme unavyokatika, kwa hiyo huuliza kama dawa iliyokaa kwenye kisanduku mgongoni mwa pikipiki bado ni nzima. Muombe nesi awaonyeshe. Kwenye kichupa kuna alama ya duara lenye mraba ndani yake: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto, ukilingana nalo kwa rangi au ukiwa mweusi zaidi, haitumiki. Mama aliyeiona alama hiyo kwa macho yake huwaeleza majirani vizuri kuliko bango lolote.

La tatu ni ulimi. Mzazi asigombezwe kwa kadi iliyolowa, kwa nguo ya mtoto, kwa kuzaa karibu karibu, wala kwa kuchelewa. Mafua, kikohozi kidogo au homa ndogo si sababu ya kumrudisha mtoto bila chanjo. Na kabla mama hajaondoka aambiwe mambo manne kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kiha: leo mtoto amekingwa dhidi ya nini, nini kinaweza kumtokea, afanye nini kikitokea, na arudi lini.

Yale yanayoweza kutokea yanafahamika. Kidonda kidogo cha chanjo ya kifua kikuu huanza kama kipele baada ya wiki mbili hadi nne, hutoa usaha, hukauka na kuacha kovu. Kiachwe wazi na kikavu, bila majivu, mafuta wala dawa za kienyeji. Baada ya chanjo ya surua baadhi ya watoto hupata homa au vipele vichache baada ya wiki moja hivi, si siku ileile. Mzio mkali ni nadra sana na kwa kawaida hujitokeza muda mfupi baada ya sindano, ndiyo maana mzazi huombwa asubiri kidogo kabla ya kuondoka. Mtoto akipata degedege, akilia bila kunyamaza kwa saa nyingi, au akilegea, apelekwe zahanati mara moja, na tukio hilo liandikwe na kufuatiliwa. Likifichwa, kijiji kitalijua, na mara ijayo hakitaamini hata lililo kweli.

Uvumi na hofu ya ugumba

Uvumi unaorudi mara nyingi zaidi ni kwamba chanjo huzuia uzazi. Husemwa juu ya chanjo ya pepopunda inayotolewa kwa wajawazito, na husemwa zaidi juu ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inayotolewa kwa wasichana shuleni. Usiucheke. Katika jamii ambayo heshima ya mwanamke imefungamanishwa na watoto, mzazi anayeogopa hilo anamlinda binti yake kwa kadiri anavyojua.

Itisha kikao cha wazazi kabla ya siku ya chanjo, si baada yake, na baba na mama wote waalikwe. Eleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini, kwamba husababishwa na virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwamba chanjo hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia maambukizi, ndiyo sababu wanapewa wasichana wadogo. Chanjo hiyo ilianza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Chanjo inazuia ugonjwa ambao wenyewe huharibu kizazi na kuua akina mama wenye watoto wa kulea. Wakumbuke pia wasichana wasiokwenda shule, walioko mashambani au wanaofanya kazi za ndani mjini Kigoma na Ujiji, kwani kikao cha shule hakiwafikii.

Katika kujibu, anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu, kisha rudi kwenye ukweli. Ukiurudia uvumi mara tano ndio watakaoondoka nao. Usiseme chanjo haina madhara yoyote, kwa sababu yule ambaye mtoto wake alipata homa anajua si hivyo. Swali likikushinda, ahidi kumuuliza mganga na urudi na jibu siku utakayoitaja.

Mara nyingi jibu zuri halitoki kwa mtaalamu. Imamu, padri au mchungaji aliyewapeleka watoto wake mwenyewe kliniki husikilizwa. Wazee waliozaliwa kabla ya miaka ya 1970 wengi bado wana kovu la chanjo ya ndui mkononi. Waombe walionyeshe na waeleze surua ilivyokuwa ikipita katika nyumba enzi za utoto wao. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye akajitolea katika kazi ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi waliositasita yaliyompata, hadi alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyohiyo. Simulizi yake inaingia vizuri barazani, kwa kuwa inamheshimu mwenye hofu.

Anayekataa baada ya yote hayo asitishwe, asinyimwe huduma nyingine, wala asitajwe mkutanoni. Endelea kumsalimia, mpe tarehe ya kliniki inayofuata, na umtembelee tena baada ya mwezi. Mara nyingine kinachombadilisha ni kumwona mtoto wa dada yake akiwa mzima.

Kuifuatilia orodha

Kila baada ya siku ya chanjo, pitia orodha na nesi, weka alama kwa waliofika, na gawaneni nyumba za kutembelea ndani ya juma hilo. Mwezi Juni na Desemba, vitamini A inapotolewa kwa watoto kuanzia miezi 6, kagua kadi zote kwa mara moja, maana hata waliopotea kliniki hujitokeza. Katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila miezi mitatu, soma idadi ya watoto waliokamilisha na ueleze ni kikwazo gani kimeondolewa, kwa mfano kwamba tarehe ya mkoba imehamishiwa siku za mbalamwezi kama walivyoomba. Wakiona maombi yao yamefanyiwa kazi, wataleta mengine.

Familia ikihama, usifute jina. Andika ilikokwenda na tarehe, hakikisha mama ameondoka na kadi, kisha mpigie simu mhudumu wa kijiji cha huko umtajie mtoto, umri wake, na dozi anayoidai.